Mbwa Mzee Katika Mashua ya Mfereji

Katika nchi ya Uingereza wako watu ambao hawana nyumba ardhini, wala hawaitaki. Hukaa siku zote ndani ya mashua, si baharini, bali katika mifereji iliyochimbwa kwa mikono zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mwezi wa Oktoba 2024 nilipata nafasi ya kukaa siku kumi katika mashua moja ya namna hiyo, nikiwa mgeni wa mwalimu wangu wa zamani. Mwalimu huyo alinifundisha hesabu katika shule moja ya upande wa Kakamega miaka ya 1970, naye sasa ni mzee wa miaka 76, mjane. Lakini hakai peke yake. Ana mbwa jike mweusi, jina lake Bess, mwenye umri wa miaka 14, na kabla siku ya pili haijatua nilikwisha kutambua kwamba mwenye mashua hasa ni yule mbwa. Saa ya kufungua kamba, mwendo wa siku, mahali pa kulala, yote yaliamriwa na miguu yake.

Yafaa nieleze kwanza habari ya mifereji yenyewe. Katika mwaka 1761 mfereji wa mtemi mmoja aitwaye Duke wa Bridgewater ulifunguliwa ili kuchukua makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley kwenda Manchester. Mhandisi wake alikuwa James Brindley. Farasi mmoja, akitembea ukingoni na kuvuta kamba, aliweza kuvuta mashua yenye mzigo wa tani 25 au zaidi, mzigo ambao hangeweza hata kuutikisa katika barabara za matope za siku zile. Kwa hiyo mifereji ikachimbwa kila upande. Baadaye reli zikaja, kisha malori, na kazi ikapungua mwaka hata mwaka. Serikali iliitwaa mifereji iliyo mingi mwaka 1948, na baridi kali ya mwaka 1962 na 1963, ambayo iligandisha maji kwa muda wa majuma mengi, karibu ikaimaliza kabisa biashara ya kuchukua mizigo. Watu wanaokaa humo leo hawachukui makaa ya mtu. Wengine ni wazee waliostaafu, wengine ni vijana walioshindwa na bei za nyumba.

Mashua hizo ni nyembamba ajabu. Upana wake haufiki futi saba, kwa sababu Brindley na wenzake walijenga sehemu nyingi kwa kipimo hicho. Mashua ya Mwalimu ina urefu wa futi 57, na mtu akiingia atadhani ameingia katika behewa la gari la moshi: jiko la chuma la kuotea moto, meza, mahali pa kupikia, choo, kitanda, vyote katika mstari mmoja. Watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Mbwa akilala katikati ya njia, na Bess hulala hapo daima, basi kila aendaye kuchemsha chai hana budi kumruka.

Sasa nifikie shida yenyewe. Mtu asiyekodi mahali maalumu pa kufunga mashua yake huruhusiwa kutembea katika mifereji, lakini sheria ya mwaka 1995 yamkataza kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, ila akiwa na sababu ya haki. Mwalimu aliishi hivyo kwa miaka kumi na moja. Akiwa kijana, Bess aliyapenda maisha hayo kuliko mwenyewe. Mashua haipaswi kupita mwendo wa maili nne kwa saa, kwa hiyo mbwa alitangulia ukingoni, akanusa kila kichaka, kisha akangoja kwenye malango ya maji kama karani angojaye wateja. Lakini mbwa wa miaka 14 ni kikongwe. Masikio ya Bess yamekufa. Macho yameingia ukungu. Viungo vya nyonga vimekakamaa kwa baridi yabisi, na mashua ina ngazi nne zilizosimama wima kama ngazi za dari. Uzito wake ni kilo 24. Kila alfajiri, na usiku wa manane pia, mzee wa miaka 76 humbeba kilo 24 kupanda na kushuka, mara nyingine katika mvua.

Mwalimu hakukaa kulalamika. Aliacha kuutumia mlango wa tezi, yaani wa nyuma, akahamia mlango wa omo ambako ngazi ni mbili tu, kisha akatengeneza ubao wa kupandia, akaugongomea zulia kuukuu ili makucha yasiteleze. Ubao wa kwanza ulikuwa mwembamba mno na Bess akaukataa. Wa pili ulikuwa mzito mno na Mwalimu mwenyewe akaukataa. Wa tatu ndio niliouona ukitumika. Tena alimnunulia koti la kuelea lenye mkono wa kushikia juu ya mgongo, nalo ni kitu cha maana sana, maana mbwa aliyelowa hana mahali pa kushikwa.

Siku ya sita tulifika Braunston, mahali ambapo mfereji wa Oxford hukutana na ule wa Grand Union utokao London kwenda Birmingham. Hapo yapo malango sita ya kupandisha mashua kilimani. Mashua huingia katika chumba cha matofali, malango ya nyuma hufungwa, vilango vidogo hufunguliwa kwa mkono wa chuma, na maji ya juu huingia na kuiinua mashua polepole, kama mtu ainuavyo kikombe. Mimi nilikuwa ardhini nikisukuma malango, Mwalimu akishika usukani. Bess alikuwa ukingoni. Koti lake lilikuwa limemchubua kwapani, kwa hiyo asubuhi ile Mwalimu alilivua apumzike.

Tulipokwisha kupita lango la tatu, na mashua imefungwa kwa kamba tungojee wengine wateremke, nilimwona Bess akielekea kwenye maji bila haraka. Majani ya miti yalikuwa yameanguka na kuufunika mfereji wote, mekundu na manjano, yametandazwa sawasawa na ukingo. Kwa macho yale yenye ukungu, maji hayakuwa maji, yalikuwa uwanja. Akakanyaga. Nilipiga kelele, nikasahau kwamba hasikii. Akazama, akaibuka, akaanza kuogelea kwa miguu ya mbele tu, na miguu ya nyuma ikamvuta chini.

Kabla sijafika, Mwalimu alikwisha kuruka. Maji yalimfika kifuani. Alimkamata mbwa kwa ngozi ya shingo, akamsukuma kwangu, nami nikavuta. Kisha nikageuka kumvuta Mwalimu, na hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa kuwa midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na vidole vyake havikuweza kufunga mkono wangu. Bwana mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alinisaidia.

Jioni ile jiko lilijazwa makaa, na wote wawili wakalala mbele yake wamefunikwa mablanketi. Tulikuwa tumekusudia kupita kesho yake katika shimo la chini ya kilima, lenye urefu wa yadi 2,042, giza tupu. Hatukwenda. Nilimwambia, "Mwalimu, ungekufa." Akanijibu kwa Kiswahili chake cha zamani, "Najua. Tena ningemwacha bila mtu." Binti yake, akaaye mji wa karibu, alipiga simu usiku huohuo akataka mzee aiuze mashua, akae nyumbani kwake, na mbwa apelekwe kwa daktari achomwe sindano ya mwisho. Sikumwona binti kuwa mkatili. Alikuwa akihesabu wazee wawili, akachagua mmoja.

Daktari wa wanyama alikuja siku ya pili. Hakusema ndiyo wala la. Aliongeza dawa ya maumivu, akamwagiza Mwalimu atundike kalenda: siku ambayo mbwa amekula vizuri na kutikisa mkia, aichoree duara, siku ambayo hakuweza, achore msalaba. Misalaba ikizidi miduara, amwite. Naye Mwalimu aliomba ruhusa ya kukaa hapo kupita siku 14, akapewa, kisha akafanya jambo alilokuwa amekataa kwa miaka kumi na moja: alikodi mahali pa kudumu penye gati la mbao, usawa mmoja na omo ya mashua, pasipo ngazi ukingoni. Kutembea kwake kulikwisha hapo.

Nami nakiri kwamba usiku ule nilimkumbuka mbwa wangu wa nyumbani, alindaye ghala la mahindi. Mwalimu aliniuliza umri wake. Sikuujua. Aliniuliza hulala wapi mvua ikinyesha, nikasema chini ya ghala, lakini kwa kweli sijapata kwenda kuangalia.

Mwanzo wa Machi 2025 nilipokea barua yake, imeandikwa kwa mwandiko uleule wa ubaoni. Ilikuwa na habari ya hesabu ya Februari: miduara 19, misalaba 9. Chini yake ameuliza kama fundi seremala wa kwetu ajua namna ya kutengeneza ubao wa nne, mwepesi kuliko wa tatu, na amenichorea vipimo.