Anameza ARV kwa kujificha: Ngumi za mume na afya ya mtoto

Kama hujawahi kushika kopo la ARV, acha nikueleze. Ni kopo la plastiki, na vidonge vikitikisika ndani yake vinalia kama kayamba. Ndani ya matatu iliyonyamaza, kila mtu anasikia. Ndiyo maana wengi huweka pamba ndani, au humwaga vidonge vyote kwenye karatasi kabla hata hawajatoka kwenye geti la hospitali.

Kuna jirani tuliyeishi naye ploti moja huku Eastlands. Ameniruhusu niandike haya, bora nisimtaje. Yeye alikuwa akificha zake ndani ya debe la unga, zimefungwa kwa kitambaa, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa kugusa unga. Alipimwa siku yake ya kwanza kliniki akiwa na mimba ya miezi mitano, akapatikana na virusi. Aliambiwa aende amweleze mumewe ili naye apimwe. Akamweleza. Usiku huo ploti nzima ilisikia, na hakuna aliyebisha ule mlango. Hata mimi sikubisha. Niliongeza sauti ya redio.

Tukiongea kuhusu mama kumwambukiza mtoto, huwa tunaongea ni kama ni mambo ya hospitali tu. Na kwa upande wa hospitali, kusema kweli, kazi imefanyika. Bila matibabu yoyote, kati ya watoto 100 wa kina mama walio na virusi, 15 hadi 45 huambukizwa wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au wakinyonya. Mama akimeza dawa vizuri, idadi hiyo inashuka chini ya 5. Dawa ni za bure katika hospitali za serikali, na kwa wengi ni kidonge kimoja tu kwa siku.

Lakini hesabu hiyo inadhani kuna mwanamke anayeweza kumeza kidonge kila siku bila kuulizwa ni cha nini. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wameshapigwa au kuumizwa kimwili tangu watimize miaka 15. Weka hao kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito halafu uniambie ni wangapi watathubutu kurudi nyumbani na kopo linalolia.

Na mtoto akizaliwa, kujificha kunazidi. Sasa kuna dawa ya maji ya mtoto. Kuna tarehe za kumpima: wiki sita, miezi sita, mwaka mmoja, halafu miezi 18. Kuna kunyonyesha. Mama anashauriwa ampe mtoto maziwa ya titi pekee miezi sita ya kwanza, huku yeye akiendelea na dawa, kwa sababu kuchanganya na vyakula vingine mapema kunaongeza hatari. Sasa mama mkwe amekuja kutoka ushago na uji wake, mtoto ana miezi miwili, na wewe huwezi kusema kwa nini unakataa. Utasema nini?

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Mwanamke anaweza kupimwa akiwa na mimba, akawa hana virusi, halafu akaambukizwa baadaye akiwa bado ananyonyesha. Huo ndio wakati mbaya zaidi, kwa sababu mtu akiambukizwa karibuni virusi huwa vingi sana mwilini, na mtoto yuko kwa titi. Mume anayemlazimisha mkewe, bila kondomu, bila kukubali kupimwa, anahatarisha watu wawili usiku mmoja.

Hapo sheria yetu nayo inachanganya. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inawaacha nje waliooana kihalali. Mume hawezi kushtakiwa kwa kumbaka mkewe. Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inataja wazi dhuluma za kingono ndani ya ndoa, na mtu anaweza kuomba amri ya korti ya kumlinda. Yaani korti inaweza kumwambia akae mbali nawe, lakini haiwezi kumfunga kwa ubakaji. Mimi naona ni aibu.

Ikishatokea, saa ndizo muhimu. Una saa 72 za kuanza dawa za kuzuia virusi, zinazoitwa PEP, ambazo humezwa siku 28. Kadiri unavyowahi ndivyo bora. Usioge kwanza. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Na unaweza kwenda hospitali kabla ya polisi. Usikubali mtu akuambie rudi kwanza ulete P3. Ukiwa na mimba au unanyonyesha, sema hivyo mapema.

Jirani yangu aliokolewa na mwanamke mwenzake. Kwenye kliniki nyingi kuna kina mama wenye virusi waliojifungua watoto wasio na virusi, na kazi yao ni kutembea na wenzao hatua kwa hatua. Huyo ndiye aliyemuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ile ya kwanza: "Ukimwambia, atakupiga?" Kwa utaratibu, mhudumu anatakiwa kujua hilo kabla ya kukutuma umwambie mtu. Baadaye dawa zikawa zinakaa kwa dadake, na mwishowe yeye mwenyewe akahamia huko. Mtoto alipimwa kipimo cha mwisho akiwa na miezi 18. Hana virusi.

Nambari ya kupiga ni 1195, ni ya bure, usiku na mchana. Kwa watoto ni 116. Kama simu yako hukaguliwa jioni, pigia kwa simu ya jirani. Na kama wewe ndiye huyo jirani, punguza redio uende ubishe mlango. Usiende peke yako, chukua watu wawili watatu wa ploti.