Ukame wa Tura na Waya wa Ardhi

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, baada ya kuikata Mgunda Mkali, nyika iliyosifika kwa jua na uhaba wa maji, ilikuwa ikiingia Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi, na hapo wapagazi wakatua mizigo na kununua chakula. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 nayo ikapita Tura. Ukame wa nchi ile aghalabu huhesabiwa kuwa shughuli ya mkulima na mfugaji, walakini tangu nguzo za umeme zilipoingia vijijini umekuwa shughuli ya fundi umeme vilevile, na katika kiwanja cha ujenzi ni jambo la uhai na mauti.

Katika nyaya tatu ziendazo kwenye soketi, waya wa moto huleta umeme, nyutro huurudisha, na wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, huunganisha gamba la chuma la mashine na fimbo iliyopigiliwa ardhini. Huu wa tatu ndio unaodharauliwa kuliko wote, kwa sababu taa huwaka na mashine huzunguka bila ya kuwapo kwake, na mwenye nyumba anayetafuta pa kupunguza gharama hana dalili ya kumwonya.

Ama kuwapo kwake pekee hakutoshi. Udongo mkavu wa kichanga haupitishi umeme vizuri, na toka Mei hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika, fimbo fupi yaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 au zaidi. Tugawanye basi volti 230 kwa omu 100: tunapata ampea 2.3 tu, ilhali sakiti breka ya ampea 16 haioni sababu ya kukata kwa kiasi kidogo namna hiyo. Waya wa moto ukichubuka ndani ya mashine ya kuchanganyia zege, mashine itaendelea kuzunguka kama kawaida, na gamba lake litabaki na karibu volti zote 230.

Na huyo kibarua anayeishika amesimama wapi? Fimbo imo katika udongo uliokauka, lakini yeye yu peku ndani ya maji ya saruji, mikono imelowa, na mwili uliolowa hupitisha umeme kwa wepesi. Miliampea 30 zikidumu mwilini zaweza kuzuia pumzi, na zikizidi kidogo moyo huvurugika.

Dawa yake inajulikana. Fimbo zipigiliwe mbili au tatu, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, ziunganishwe kwa waya wa shaba, na ukinzani upimwe kwa kipimo wakati wa kiangazi, si masika. Wako wanaomwaga chumvi shimoni. Mimi siwaungi mkono, kwani mvua huiosha na chuma huliwa. La muhimu zaidi ni kile kifaa kinacholinganisha umeme uendao na urudio, kikakata mara tu tofauti inapofika miliampea 30, kwa kuwa hicho hufanya kazi hata ukinzani wa ardhi ukiwa mkubwa. Viwanja vingi vya Uingereza hutumia transfoma ya volti 110, ambayo kila waya wake hauzidi volti 55 juu ya ardhi. Kwetu transfoma hizo ni adimu, kwa hiyo kifaa cha kukata ndicho tegemeo, na kiwekwe kabla ya ekstensheni ya kwanza.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri dhima ya kuwalinda wafanyakazi wake, na leseni ya fundi umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Basi ewe unayejenga, kabla ya kumlipa fundi mwombe akuonyeshe leseni hiyo, akupimie ardhi ukiwapo, na abonyeze kitufe cha majaribio cha kile kifaa cha kukata mbele yako. Umeme usipokatika papo hapo, zuia fedha yako.