Amani Ianzayo Dukani na Shambani

Watu wengi wakisikia neno amani hufikiri juu ya wafalme na majeshi: mkataba umetiwa sahihi, basi amani imekuja. Lakini Kanisa la Marafiki, ambalo watu wa Kaimosi na sehemu nyingine za magharibi ya Kenya wamelijua tangu mwaka 1902, lilianza huko Uingereza katika karne ya 17 likifundisha kwamba mtu wa amani hujulikana kwa kazi zake za kila siku. Mfano mwema wa mafundisho hayo ni maisha ya John Woolman, mtu asiyekuwa na cheo kikubwa.

Woolman, mwana wa mkulima, alizaliwa mwaka 1720 katika New Jersey, koloni la Uingereza wakati huo, ambayo leo ni jimbo la Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka 21 aliajiriwa dukani kuuza vitu na kuandika hesabu. Siku moja bwana wake alimwuza mwanamke Mwafrika, mtumwa wake, akamwamuru Woolman aandike hati ya mauzo, naye mnunuzi yupo anangoja. Kijana alifadhaika. Ameajiriwa kwa mwaka mzima. Aliyeamuru ni bwana wake. Na mnunuzi ni mtu mzima wa umri, mwanachama wa kanisa lake mwenyewe. Akaandika. Lakini papo hapo aliwaambia wote wawili kwamba kuweka watumwa hakupatani na dini ya Kikristo. Baadaye, alipoombwa tena kuandika hati ya namna hiyo, alikataa. Hata wagonjwa waliotaka awaandikie wasia wa kuwarithisha watoto wao watumwa aliwakatalia kwa upole, ingawa kazi hiyo ilikuwa na malipo mazuri. Na baadhi yao wakakubali kuwapa watumwa hao uhuru.

Baadaye Woolman alikuwa na duka lake mwenyewe, nalo likastawi sana. Ndipo alipoona hatari. Tamaa ya mali humfanya mtu amdhulumu mwenzake, na dhuluma ndiyo mbegu ya vita. Kwa hiyo mwaka 1756 aliacha biashara ya dukani, akawaelekeza wateja wake waende kwa wengine, akabaki na ushonaji wa nguo na shamba lake la matofaa.

Waingereza na Wafaransa walipokuwa wakipigana, mwaka 1758 afisa mmoja alifika kwake akataka askari wapewe malazi kwa malipo. Woolman hakumfukuza mtu mlangoni. Askari mmoja alikaa kwake majuma mawili, akatunzwa vema. Lakini afisa aliporudi na fedha, Woolman hakuzipokea, maana hakutaka kupata faida kutokana na vita.

Katika safari zake aliwatembelea wenye watumwa nyumbani mwao, akazungumza nao faraghani bila matusi wala kuwaaibisha mbele za watu. Alipolala katika nyumba zao, aliacha fedha kwa ajili ya watumwa waliomhudumia. Mwaka 1772 alikwenda Uingereza, akasafiri kwa miguu, kwa kuwa farasi na vijana wa magari ya abiria walitumikishwa kupita kiasi. Alifariki dunia mwaka huo huo mjini York kwa ugonjwa wa ndui.

Je, kazi hiyo ilipotea bure? La. Mwaka 1758 mkutano mkuu wa Marafiki huko Philadelphia uliamua kwamba mwanachama anunuaye au auzaye watumwa asishiriki katika shughuli za mikutano ya kanisa; na mwaka 1776 uliwakataza wanachama wote kumiliki watumwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Karani aombwaye kuandika cheti cha uongo, na mkulima ashawishiwaye kusogeza mpaka wa shamba la jirani usiku, wote wamesimama mahali aliposimama kijana yule dukani. Amani ya kijiji kizima huanza na jibu watakalolitoa.