Mto Msimbazi: Bamvua, masika na hesabu ya tuta la mchicha

Mkulima wa mchicha katika Bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, anahitaji kalenda mbili, ya mvua na ya mwezi. Anayefuata ya mvua peke yake hujikuta amepanda mbegu za kuliwa na maji.

Mto wenyewe si mrefu, ni kama kilometa 35 hivi. Unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini penye daraja la Salender. Huko chini ardhi ni tambarare, na bahari ikijaa maji ya chumvi hupanda mpaka kwenye mikoko iliyo nyuma ya daraja.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua. Pwani ya Dar es Salaam tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita meta 3, na kilele cha kujaa huwa karibu saa 10 alasiri na saa 10 usiku. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba, na Machi ndipo masika yanapoanza. Mvua kubwa ikikuta bahari imejaa, maji ya mto hukosa pa kutokea na kutandaa bondeni. Kwa hiyo wiki hizo si za kumwaga mbolea wala kusia mbegu tambarare ya chini. Kilichokomaa kivunwe mapema.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo, kilimo hakikuisha. Mafuriko huacha tope lenye rutuba, na masoko ya Ilala na Kariakoo yako karibu. Mchicha uliokatwa alfajiri hufika sokoni kabla ya kunyauka, bila gharama ya barafu wala lori. (Maji machafu ni habari nyingine: watafiti wamekuta madini ya risasi kwenye mboga za bonde hili, na hayo hayaondoki kwa kuchemsha.)

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya kuliendeleza bonde. Mto kupanuliwa ni jambo jema. Ninachohoji ni namna ya kuthamini hasara ya mkulima anayepisha kazi kama hiyo. Nyumba huonekana na kupimwa, lakini mchicha huvunwa baada ya wiki 4 hivi. Tuta linalopumzishwa miezi 3 ya masika laweza kutoa mavuno 9 kwa mwaka. Mthamini akihesabu mche uliosimama siku ile, amehesabu mavuno 1. Mwenye tuta aanze leo kuandika kwenye daftari tarehe za mavuno, idadi ya mafungu na bei aliyouzia.