Huria na Bure: Uteuzi wa Mfumo Endeshi kwa Kazi za Hisabati na Sayansi

Kiingereza kina neno moja linalobeba dhana mbili: kuwa na uhuru, na kutolipiwa. Kiswahili hakina utata huo. Huria si bure. Tena bure huweza kumaanisha kisicho na faida, kama isemwapo kwamba fulani amehangaika bure. Programu iliyotolewa bure tu yaweza kumkataza mwalimu kuinakilia shule ya jirani, ilhali programu huria humruhusu kuinakili na hata kuibadili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice Desemba 2004, ulitegemea ruhusa ya namna hiyo ili kuitia programu Kiswahili.

Ateuaye mfumo endeshi hudanganywa upesi na jina. Scientific Linux, iliyoanzishwa mwaka 2004 na maabara za Fermilab na CERN, haikuwa na uwezo wa pekee wa kukokotoa. Ilikuwa Red Hat Enterprise Linux iliyoundwa upya. Mwaka 2019 Fermilab ilitangaza kwamba haitatoa toleo la 8, na utunzaji wa toleo la 7 ukakoma Juni 2024.

Afadhali kuanza na kazi yenyewe. Kwa takwimu ipo R, iliyobuniwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman; kwa hesabu za matriki ipo Octave; kwa aljebra ya alama ipo Maxima. Zote ni huria, na zote huendeshwa katika Linux na katika Windows vilevile, kwa hiyo zenyewe haziamui jambo. Huamua mashine na mahali.

Na achukuliwe, kwa mfano, mwalimu wa hisabati aliye Kipsing, katika nyika ya Isiolo, mwenye kompyuta kuukuu na mtandao wa kubahatisha. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, humfaa kwa kuwa programu zote tatu zimo katika hazina yake, na zaweza kupakuliwa mjini pamoja na vitegemezi vyake, zikabebwa kwa flashi na kusakinishwa pasipo mtandao. Hata hivyo hana budi kuitazama kwanza mashine yake. Ikiwa ni ya biti 32, toleo la 13, la Agosti 2025, halina kisakinishi chake. Itambidi atumie la 12, la mwaka 2023.