Phosphate inalipa watafiti, shaba yetu je?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wenye kutungoja ku nyumba,

Dokta wa hospitali tunamujua wote. Kuko dokta mwengine, ule wa sayansi, mwenye kusoma mpaka mwisho na kuandika tezi yake. Akimaliza, mara mingi anatafuta kazi yenye inaitwa postdok: utafiti wa mushahara, kwa mukataba wa mwaka moja, mbili ao tatu. Ukiisha, umeisha, sawa ya kibarua. Hata dokta asome karatasi muzuri mbele ya kutia mukono.

Juu ya nini tunaandika hii kwa watu wa mine? Angalieni Maroko. Karibu na Marrakech kuko muji wa Benguerir, wanachimba phosphate. Kampuni ya ile phosphate, OCP, ilianza 1920, na serikali njo yenye hisa kubwa. Ilijenga universite palepale mu muji wa mine, Université Mohammed VI Polytechnique, mfalme akaifungua 2017. Universite hiyo inatangaza nafasi za postdok mu sayansi mbalimbali: kemia, maji, udongo na kilimo, vyuma vya batri, kompyuta, na uchimbaji wenyewe. Hatusemi kule ni paradiso. Lakini jiwe lao linalipa watu wa kufikiri.

Kwetu sasa. Miaka tulilia juu ya mavumbi. Patron moja alitujibu: «Mulete preuve.» Preuve tutaitoa wapi, na nyundo mu mukono? Watafiti njo walituletea. Mu 2018, watu wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kama mukojo ya watu wa Kasulo, Kolwezi, iko na cobalt mingi, zaidi ya watoto. Mu 2020 wakaandika mu The Lancet Planetary Health: kufatana na habari za maternite za Lubumbashi, hatari ya mutoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa zaidi kama baba anafanya kazi ya mine. Tuliisoma ile, tukanyamaza. Mingi kati yetu tuko baba.

Kode minier ya 2018 inadai kampuni itoe 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya vijiji na mitaa yenye kuzunguka mine. Mu komite zetu tutauliza: hapa haiwezi kutoka hata nafasi mbili za postdok, moja ya mapafu, moja ya maji?

Na wewe kijana mwenye doktora, usingoje komite. Tayarisha CV, orodha ya maandiko yako, barua za walimu wawili wenye wanakujua, na ukurasa moja wa kusema utatafuta nini. Mutu akikuomba franga juu ya kukuingizia dosie, umukimbie.