Twendeni Tukatazame Ndege

Ndugu mkulima wa skimu, mwezi huu twataka kuzungumza nawe juu ya ndege. Huenda ukasema, "Ndege nawaona kila siku, tena wananimalizia mtama. Nina haja gani ya kufunga safari kwenda kuwatazama?" Swali lako ni la haki. Soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Katika Kenya kumeonekana aina zaidi ya 1,000 za ndege, wala nchi kavu haikunyimwa fungu lake. Tazama upande wa Baringo. Hapo pana skimu ya Perkerra, iliyoanzishwa mwaka 1954, ambapo wakulima hunywesha mashamba yao kwa maji ya mto wa jina hilo. Ukivuka mifereji tu wakuta vumbi, mawe, migunga na ule mti wa mathenge wenye miiba mikali. Lakini karibu na hapo, Kampi ya Samaki, vijana wa kwao kwa miaka mingi wamefanya kazi ya kuongoza wageni wanaotaka kuona ndege. Wao huwajua kwa sauti. Humwonyesha mgeni bundi aliyelala mtini, ambaye mgeni peke yake angempita asimwone, na jioni hurudi nyumbani na mshahara wao.

Nairobi nako kuna chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho siku hizi huitwa Nature Kenya. Tangu miaka ya 1970 chama hicho kimekuwa na desturi ya matembezi ya Jumatano asubuhi. Mjuzi na asiyejua hutembea pamoja, na asiyejua hujifunza kwa kuuliza. Desturi hii yafaa sana kuigwa katika skimu zetu.

Adui ni nani?

Faida ya kwanza ni kumjua adui. Kwelea ni ndege mdogo, kiasi cha shomoro, mwenye mdomo mnene mwekundu. Jike wakati wa kutaga hubadilika mdomo ukawa wa manjano, kwa hiyo usidanganyike. Kwelea mmoja aweza kula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Wewe wasema ni kidogo. Basi piga hesabu: kundi la ndege milioni moja laweza kula tani 10 kwa siku moja, yaani zaidi ya magunia 110 ya kilo 90. Mbegu za nyasi za porini zikiisha kwa ukame, hapo ndipo huingia shambani.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 makundi makubwa ya kwelea yalivamia mashamba ya mpunga upande wa Kisumu, na ikabidi kunyunyiza dawa iitwayo fenthion. Dawa hiyo huua kwelea, lakini haichagui. Kipanga na bundi wakila ndege waliokufa, nao hufa. Mtu naye asithubutu kuokota ndege hao kwa kitoweo.

Sasa fikiri. Kwelea hutaga mayai matatu hivi, huyalalia siku 10 mpaka 12, na makinda hutoka kiotani kabla ya wiki mbili kwisha. Tangu yai mpaka kuruka haupiti mwezi mmoja. Mkulima anayengoja mpaka aone wingu la ndege juu ya mtama wake amekwisha kuchelewa. Lakini wakulima kumi wanaotembea pamoja porini kila wiki wataona viota kwenye migunga mapema, nao watapeleka habari kwa afisa wa kilimo wakati mahali ni padogo na dawa inayohitajiwa ni kidogo. Kisha watajua pia kama viota hivyo ni vya kwelea kweli, au ni vya ndege wengine wasio na hatia.

Rafiki zetu

Faida ya pili ni kuwajua rafiki. Watu wengi wakimwona bundi humpiga mawe, wakisema analeta kifo. Nendeni asubuhi chini ya mti anaolala bundi. Mtakuta mabonge meusi aliyoyatapika. Yavunjeni kwa kijiti, mkatazame yaliyomo. Mara nyingi ni manyoya na mifupa ya panya. Panya hao wangaliishi, wangalikula mahindi ya nani? Watoto wa shule waonyeshwe jambo hili, maana kuona kwa macho hushinda maneno mengi.

Tena nzige walipoingia kaskazini mwa nchi mwishoni mwa mwaka 2019, tulikumbuka tena ndege wanaowala, kama korongo na makundi ya kwezi. Hawawezi kumaliza nzige wote, lakini hufanya kazi yao bila kudai malipo.

Na wewe mwenye mizinga au mpenda asali, yuko yule ndege mdogo anayeita watu na kuwaongoza mpaka penye nyuki. Mwanasayansi Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walichunguza habari hiyo miongoni mwa Waborana wa kaskazini, wakaitangaza mwaka 1989. Watafutaji wasioongozwa na ndege walichukua saa 8.9 kwa wastani kuona mzinga mmoja wa porini. Walioongozwa walichukua saa 3.2 tu. Wazee waliyajua hayo zamani, hesabu imeyathibitisha.

Namna ya kufanya

Chagueni watu wasiozidi 12, na mmoja awe kiongozi. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mrudi saa tatu, kabla jua halijawa kali, maana ndege wa nchi kavu hujificha kivulini wakati wa joto. Vaeni nguo zisizong'aa, viatu vizuri kwa ajili ya miiba, na kofia. Kila mtu achukue maji yake. Tembeeni polepole, jua likiwa mgongoni, na mazungumzo yaachwe mpaka mwisho. Msiingie shamba la mtu bila ruhusa, wala msiguse viota.

Darubini ikipatikana moja, itumiwe kwa zamu. Isipopatikana, macho na masikio yatosha kwa kuanza. Kitu msichoweza kukosa ni daftari. Mmoja wenu aandike tarehe, mahali, jina la ndege, idadi yao, na walikuwa wakifanya nini. Jina la Kiswahili likikosekana, mwulizeni mzee jina la kikwenu, mliandike hilo. Mzee aliyechunga mbuzi tangu utotoni ni mwalimu mkubwa, na siku atakapofariki majina hayo yatapotea kama hayakuandikwa.

Twawaonya jambo moja. Msianze chama hiki kwa kutumainia fedha za wageni. Maji ya Ziwa Baringo yamepanda sana tangu miaka ya 2010, yakafunika nyumba na mahali pa kupokelea wageni, na wengi waliotegemea kazi hiyo walipata taabu. Wageni wakija, vema. Wasipokuja, shamba lako bado litakuwa limepata walinzi.

Wahenga walisema, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Jumamosi hii tafuta majirani wanne, mnunue daftari moja, mwanze. Baada ya matembezi manne, mpelekeeni afisa wa kilimo daftari hilo alisome. Na mkiona viota vingi vya kwelea mahali pamoja, msingoje Jumamosi ya pili: mwambieni siku ile ile.